Babu Aliyetupa Daftari la Kodi

Jumanne, 4 Machi 1986

Nimesahihisha insha za darasa la sita. Wiki ya tatu hakuna sabuni. Nimefua kwa majivu. Mama kamwota tena baba yake, na akimwota hali chakula. Inanichosha. Mama alikuwa na miaka sita walipomchukua baba yake. Kosa la Babu Kiangi: alimpokonya karani daftari la kodi, akalitupa ndivani, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Waingereza wakamfunga, wakamhamishia jela ya mbali. Hakurudi. Kaburi lake halijulikani.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeshuka Same kutafuta sabuni. Ipo! Duka la mtu binafsi, hakuna foleni wala kujuana. Miche miwili. Nimejiona tajiri.

Mgahawani nimekaa meza moja na Mzee Shija, Mnyamwezi, mkata mkonge. Kusikia mimi ni Mpare wa Suji, akacheka. Kwao, nje ya Tabora, kuna bwawa linaitwa Bwawa la Mpare. Lilichimbwa na mfungwa mmoja aliyemaliza kifungo, serikali ikamkataza kurudi kwao. Nimemwomba jina la kijiji, nikaliandika kwenye karatasi ya sabuni.

Jumapili, 16 Machi

Nimemwandikia mwenyekiti wa kijiji hicho. Mama sijamwambia. Naogopa kumpa tumaini la bure.

Jumatano, 21 Mei

Barua imejibiwa. Ni yeye. Ni Babu!

Aliachiwa, akalima mpunga, akaoa. Aliandika nyumbani mara nyingi, asijibiwe. Alikufa mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Aliacha mtoto mmoja, binti, na huyo ndiye aliyeandika barua. Nimefika chini kwenye sahihi: Nakundwa Kiangi.

Hilo ni jina la mama yangu. Kwa Kipare, aliyependwa. Huko Tabora nani angelijua? Babu alimpa mtoto wa pili jina la yule aliyemwacha. Nimelia mbele ya darasa, kisha nikacheka, na watoto wakacheka nami bila kujua kwa nini.

Baadaye. Nimemsomea Mama. Hakulia. Amesema tu, "Kumbe alikuwa na mtoto wa kulea." Akachukua jembe, akaenda shamba. Furaha yangu imeingia doa.

Alhamisi, 5 Juni

Telegramu. Mama mdogo anakuja shule zikifungwa. Mama kasema nimtafutie pa kulala kwa majirani. Nimekasirika. Nimechambua mahindi na maharage ya makande mapema mno, kwa wasiwasi.

Jumamosi, 14 Juni

Amefika. Treni hadi Morogoro, basi hadi Same, Landrova hadi huku juu. Mrefu, mwembamba, gauni la mtumba lililopigwa pasi vizuri, dumu la asali mkononi. Akapiga goti mlangoni.

"Shikamoo, dada."

Mama hakuitika. Nilitamani ardhi inimeze. Mgeni hakuinuka. Akazungumza taratibu, macho chini.

"Baba alikuwa akiniita mara mbili. Akaniambia mwito wa kwanza ni wako, nisiuitikie. Wa pili ndio wangu."

Mama akasimama kama mti. Kisha akainama, akamshika masikio yote mawili, akayatazama kwa muda mrefu. Akasema ni ya baba. Akamwinua.

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu kwenu."

Tumekula makande mpaka chungu kikakwanguliwa. Hawajaacha kuulizana. Baba alitembeaje, alipenda nini, aliimba? Aliimba, tena vibaya. Mama amecheka mpaka akashika mbavu. Sijawahi kumwona hivyo. Jirani amepiga hodi, kamwita Nakundwa. Wameitika wote wawili.

Habari ya kulala kwa majirani hakuna aliyeitaja.

Jumapili, 15 Juni

Ukungu. Kengele ya kwanza ya kanisa imeshalia. Wamelala kitanda kimoja, migongo imegusana. Siku zote Mama ndiye anayekamua ng'ombe. Leo nimekamua mimi, nikabandika maziwa, nikawaacha walale.