Usinijibu Poa

Tarehe 3 Februari

Kwako mwanangu Spana,

Salamu nyingi. Mimi na mzee hatujambo, na tunaomba barua hii ikukute na afya njema, wewe na mafundi wenzako wote hapo gereji.

Nashukuru ulivyokaa nasi siku ya mazishi. Nilikusikia nje ukiwaambia wenzako, "Redio wetu amezima." Nikauliza Redio ni nani, nikaambiwa ni mwanangu tuliyemzika. Sikuamini. Hapa nyumbani alikuwa mtu wa maneno mawili matatu: ndiyo mama, asante baba. Mzee, unamjua, amefundisha shule maisha yake yote na hataki maneno ya vijiweni. "Hapa si stendi," ndivyo alivyokuwa akimkata kauli. Simu ikilia, mtoto alitoka akaenda kusimama nyuma ya tangi la maji, na mimi dirishani nikasikia kicheko tu.

Sauti yake imeanza kunitoka, mwanangu. Niandikie maneno aliyokuwa akiyasema huko.

Mama yako

*

Tarehe 19 Februari

Shikamoo mama,

Mimi mzima, hofu kwenu nyinyi. Mafundi wote wanakusalimu.

Mama, hilo uliloniomba ni zito. Maneno yetu ya gereji si ya kumwandikia mzazi. Mengine nikiyakumbuka tu naona haya. Nisamehe, nitakupa moja. Huku hakukuita mama, alikuita bimkubwa. Ukipiga simu, anafuta grisi mikononi, anatuambia, "Kausheni, bimkubwa yuko hewani." Na gereji nzima tunakausha, hata nyundo zinanyamaza.

Mwanao, Spana

*

Tarehe 2 Machi

Mwanangu Spana,

Hujambo? Sisi hatujambo.

Nimelisema hilo neno peke yangu jikoni. Bimkubwa. Nimelisema mpaka maziwa yakafurika. Kinywani mwangu bado linapwaya, kama nimevaa kiatu cha mtu.

Barua yako nilimsomea mzee. Alitoka, akaenda kusimama nyuma ya tangi. Aliporudi akasema, "Mwambie aandike yote. Hata hayo ya haya." Ni mzee huyuhuyu, Spana, aliyemwinua mtoto mezani sahani ikiwa bado inafuka moshi, kwa sababu alisema "mshikaji". Sasa anashinda mlangoni akisubiri barua.

Usituonee haya. Hatujabakiziwa kingine.

Mama yako

*

Tarehe 28 Machi

Shikamoo mama, na mzee mfikishie shikamoo yake.

Mimi mzima.

Basi naandika. Gari lililotushinda aliliita kimeo, lakini hakukubali tuliache. Alilipiga kofi kwenye boneti, akaliambia, "Bibi wee, usinizingue." Mteja akija juu: "Tulia bosi, mambo freshi." Chai ikizidi sukari: "Hii noma." Mzee alimwita mdingi. Alikuwa akituambia, "Mdingi wangu Kiswahili chake kimepigwa pasi, unaweza kukivaa harusini." Alisema hivyo kwa kujidai, mama, si kwa dharau. Mwambie mzee hivyo.

Limebaki moja. Homa ilipomshika alilala chumbani kwake, na unajua tulipanga mlango kwa mlango. Asubuhi nikipita kwenda kazini nauliza hukohuko nje, "Vipi, Redio?" Anajibu, "Poa." Jioni nauliza, anajibu, "Poa tu, mwanangu." Ndivyo tunavyojibu sisi, hata mtu akiwa amevunjika mguu. Kesho yake ikawa hivyohivyo. Siku nilipousukuma ule mlango alikuwa hanitambui tena.

Tangu hapo mtu akiniuliza vipi, nasikia sauti yake ikinitangulia kujibu.

Mwanao, Spana

*

Tarehe 9 Aprili

Spana mwanangu,

Mzee alicheka kwa ile ya pasi. Alicheka sana, halafu nikaona si kicheko tena.

Hilo la mwisho nimelisoma kimoyomoyo kwanza. Usijibebeshe. Katika siku hizohizo mimi nilimpigia simu. Nilimuuliza, "Hujambo, mwanangu?" Akanijibu kama baba yake alivyomlea: "Sijambo, mama. Nyinyi hamjambo?" Nikaridhika. Nikakata simu, nikaendelea kukunja nguo. Mzee anasema, "Mimi nililinda maneno yangu yasichafuke, wao wakawa na yao, na yote yamemfunika mtoto sawasawa."

Sasa nimezitandaza barua zako kitandani. Kila moja inasema mimi mzima. Na mimi kila mara naandika hatujambo. Hatujambo wapi? Mzee anagusa chakula tu. Mimi kila wiki nafua shati la kijana wangu ambalo hakuna aliyelivaa, nalianika, nalianua. Ndiyo hali yetu. Na wewe je? Niambie kweli. Usiniandikie mzima.

Mama yako

*

Tarehe 25 Mei

Spana,

Leo sikusalimu, maana najua utakachojibu.

Barua yangu hukuijibu. Simu yako imezimwa. Nimempata bosi wenu, akaniambia huonekani kazini, umejifungia chumbani. Anasema mafundi wanapita mlangoni kwako, wanauliza, "Vipi, Spana?" Wewe ndani unajibu, "Poa." Nao wanakwenda zao kazini. Aliniambia hivyo kunituliza. Nilikata simu, nikamwita mzee.

Barua hii anaileta dereva wa lori, ataisukuma chini ya mlango wako. Mimi na mzee tunafuata na basi la kesho. Nitagonga, nitauliza vipi, kama mnavyoulizana nyinyi. Ukijibu poa, nitaketi hapohapo kizingitini, niulize tena. Nikichoka atanipokea mzee. Amekuwa akijizoeza, ingawa "vipi" yake ni kama anaita majina darasani. Jibu jingine lolote nitalipokea, hata tusi, hata kilio. Poa sitaipokea. Nilishapewa ya kutosha.

Usinizingue, mwanangu. Fungua mlango.

Bimkubwa