Sisikie Muzuri

Katwe, Kampala

Mdogo wangu Bibiane,

Pokea salamu zangu, pamoja na za mwanangu Tresor na mke wake Princesse. Naomba barua hii ikukute mzima, goti limepunguza ukorofi na mihogo imetoka shambani salama. Usishangae kuona karatasi badala ya simu. Simu ya nyumba hii huwekwa sauti ya juu, na haya ni ya kwako peke yako. Jirani yetu Dady, yule kijana mchuuzi, anavuka mpaka kesho kuja Butembo na vitenge vyake, atakupa mkononi.

Unajua tangu Pasaka tumbo linanisumbua. Tresor alinipeleka kwenye kituo cha afya upande wa Nakawa, ambako wanafanya utafiti kuhusu jinsi wazee wanavyotunzwa wakiugua. Aliyekuja kuniuliza maswali ni binti anayeitwa Lakot, mtoto wa mwanajeshi, na Kiswahili chake ni cha kambini. Ana adabu, alipiga magoti kunisalimia. Akaniuliza hali, nikamjibu kama tunavyojibu kwetu: "Binti yangu, sisikie muzuri."

Kwetu maana yake naumwa. Kwake maana yake masikio yamekufa. Na kwa kuwa nilishamwambia kwamba nimezeekea hapa Katwe nikigonga mabati ya majiko, hakuwa na shaka. Akaandika kwamba mzee ni kiziwi, akamwambia hivyo Tresor aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, naye akaamini. Akageuza kiti, maswali yote akamwuliza Tresor. Kama nalala, kama nakula, kama nina huzuni. Huzuni yangu mimi, Bibiane, anaulizwa Tresor.

Nilitaka kufoka. Lakini nyumbani nako walipoanza kunipigia kelele, nikaona kichekesho, nikawaacha. Mbele ya kiziwi watu husema kila kitu. Nilipata kujua kwamba sahani yangu ya maua ilivunjwa na Princesse, si paka.

Kisha majibu ya vipimo yakatoka. Daktari aliyatoa mbele yangu, macho yake kwa Tresor. Kuna uvimbe kwenye utumbo mkubwa. Unaweza kukatwa sasa kabla haujasambaa. Kwa umri wangu kuna hatari, ila kuuacha ni hatari zaidi. Tresor akauliza kama ni lazima mzee aambiwe. Daktari akasema hilo ni la familia. Tulipotoka nje, mtoto wangu alinishika mkono akapaza sauti kwamba ni vidonda vidogo tu vya tumbo. Nikatikisa kichwa kukubali. Sikucheka tena.

Sikumchukia, maana niliona anavyoogopa. Lakini maisha yangu yote nimekata bati, na hakuna aliyewahi kuniamulia likatwe wapi. Sembuse tumbo langu.

Wiki iliyopita nilirudi kituoni peke yangu, nikamwambia Lakot kwamba nasikia kuliko yeye, nikamweleza lile neno letu. Akafunika uso kwa mikono. Kisha akamwita daktari, na safari hii niliulizwa mimi, hata huzuni. Lakot alisema atawarudia wazee wote wa Kikongo aliowaandika viziwi, na si wachache. Nikatia sahihi ya upasuaji kwa mkono wangu. Jumatatu ijayo wananipasua.

Jioni Tresor akaja kunisalimia kwa makelele yake. Nikamwambia: "Tresor, acha kelele. Niko nasikia. Yote." Akakaa chini akalia kama siku tuliyomzika mama yake. Nikamwacha alie, halafu nikamwambia Jumatatu atanibebea begi.

Sasa lako, mdogo wangu. Siku Tresor alipokupigia kukuomba ushauri, nilikuwa pembeni yake namenya viazi. Ulisema: "Musimuambie. Muache aende pole pole." Kisha ukalia, nami nikatamani sana kukubembeleza, ila nilikuwa kiziwi. Sina kinyongo nawe hata kidogo. Lakini elewa kwamba siendi pole pole, na siendi kabla sijaulizwa. Nikizinduka nitakupigia mwenyewe.

Wasalimu watoto wote na majirani wanaonikumbuka. Mwombe mchungaji alitaje jina langu Jumapili kanisani, na alitaje kwa sauti, nipate kulisikia huku.

Kaka yako,
Kakule