Nyumba Yenye Haiko

Kamina, Agosti 1999

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Magoti yako yanasemaje huko Likasi na baridi hii? Sisi tu wazima. Wajukuu wako mapacha, Kyungu na Kabange, wanatambaa nyumba nzima, na Léonie mke wangu anasema afadhali wangebaki kulala. Soma barua hii taratibu bila kuruka mistari, maana nakujua.

Vita bado viko kaskazini, na watu wanazidi kuingia kutoka Kabongo na Malemba. Wengi wamepokewa majumbani mwa watu. Kanisa liliniomba niandike programu ya kompyuta ya kugawa unga: unaingiza wenyeji na wageni wa nyumba, wazee, wanaonyonyesha, mapacha, wagonjwa, wasio na karatasi, nayo inasema nyumba hiyo ipate kiasi gani. Nilijivuna kidogo. Ila ikikosea, watoto wa mtu wanalala njaa, bila bukari.

Noémie, mwalimu wetu wa hesabu, hakuniacha nijivune. Alisema kila jambo peke yake huweza kwenda vizuri, kosa likajificha pale mawili yanapokutana. Kujaribu michanganyiko yote tungezeeka. Basi kompyuta yenyewe itunge nyumba za uongo, chache tu, ila kila mambo mawili yakutane walau katika nyumba moja, kisha izipitishe kwenye programu na kuangalia kama kila mdomo umepata unga. Ungecheka, Mama. Ilitutungia hata bibi wa miaka tisini anayenyonyesha.

Ikaja nyumba ya uongo yenye mapacha wa wenyeji na mapacha wa wageni. Wale wa wageni wakafutwa. Kosa lilikuwa langu: ili watu wasijiandikishe mara mbili, niliamuru kwamba jina moja na mwaka mmoja wa kuzaliwa, ndani ya nyumba moja, ni mtu mmoja. Nilisahau kwamba kwetu Waluba mapacha wote ni Kyungu na Kabange. Mimi, baba yao.

Hamadi, mfanyabiashara anayetuletea unga kwa lori lake, alikuwa na haraka. Akaniambia, "Philémon, weye unatengeneza nyumba yenye haiko." Kweli nyumba hiyo haikuwepo popote, nami nilikaribia kumkubali, maana watu walikwisha kujipanga nje. Noémie akakataa katakata, nikarekebisha huku nikinung'unika.

Siku hiyohiyo, mwishoni mwa mstari, akafika mwanamke kutoka Malemba, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kifuani. Alisema mwenyeji wake ni Philémon, mwana wa Mama Mbuyu. Nikainua macho.

Kaa chini kwanza, Mama. Ni Tamar. Binti yako tuliyemlilia mwaka mzima yu hai. Amekonda, lakini anacheka vilevile, na mapacha wake walizaliwa mwaka mmoja na wangu. Nilikuwa nimemkumbatia, ikabidi Hamadi aingize majina yeye mwenyewe. Kompyuta ikatoa unga wa wote. Kisha Hamadi akabeba gunia hadi kwangu.

Ningeanza na habari hii, mengine usingeyasoma, nami nilitaka ujue kwamba nusura niwanyime wajukuu wako chakula kwa mkono wangu.

Vua basi nguo za kilio. Wanakusalimu Léonie, Tamar, Kyungu, Kabange, Kyungu na Kabange. Sijaandika mara mbili, Mama.

Mwanao,
Philémon