Mzimu Wetu Kahamia kwa Jirani, na Mimi Nimempa Nyota Tano

Mpendwa Shangazi Oddný, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana nimejipalia makaa mwenyewe na sasa yananiunguza.

Sisi watu wa shamba la Gilsá tuna mzimu wetu, Móri, ambaye alinyimwa malazi na babu wa mababu zetu akafa kwa baridi nje ya mlango, akaapa kutufuata hadi kizazi cha tisa, na kweli anatufuata, tukienda kutembelea watu yeye hutangulia, wenyeji wanaanza kupiga miayo, kikombe kinaanguka rafuni, wanajua wa Gilsá wako njiani na wanabandika kahawa. Sasa Kolfinna, binti wa shamba la Brekka ng'ambo ya mto, katoa riwaya ya katuni ya vijana, na humo Móri ni kijana mrefu mwenye nywele za mabegani na macho ya huzuni, anachoshwa na ukoo wetu, anavuka mto na kuhamia Brekka, huko anapendana na msichana mpiga ngoma wa bendi, na Shangazi, nisikufiche, nimeisoma mara mbili na nimelia pale anapojaribu kumshika mkono na vidole vyake vinapita kama hewa.

Mimi nafanya kazi maktaba ya mji, ndiye ninayesimamia ukurasa wa maoni ya wasomaji mtandaoni, na balaa lilianzia hapo, kwa sababu wajomba na mashangazi zangu wote wametoa nyota moja moja bila kugusa hadithi hata kidogo, wanadai mzimu wao arudishwe, na watu wa Brekka wanawajibu kwamba asiyemtunza mgeni asilie akihama. Kinara wa vita ni bibi yangu Steinvör, aliyenilea na kunifundisha kusoma, ana miaka themanini na moja na hajui kuchapa, kwa hiyo kila siku nikitoka kazini napita kwake, ananikaangia maandazi ya kusokota, yeye anasema, mimi nachapa. Nami kwa siri, kwa jina la Msomaji wa Pwani, niliandika kwamba kitabu ni kizuri na nikakipa nyota tano. Tangu hapo Bibi hana adui mwingine. Juzi kaniamuru niandike hivi: "Msomaji wa Pwani hajui mizimu. Móri wetu ni mfupi, ana pua ya kabari na ananuka kondoo aliyelowa. Na mtu huyu halali vya kutosha, sentensi zake zinachechemea. Ale samaki, avae sweta." Nikayachapa yote.

Jumamosi Kolfinna anakuja maktaba kuzungumza na wasomaji, Bibi keshatangaza kwamba atakaa kiti cha mbele, na ananitaka nimtafutie jina halisi la Msomaji wa Pwani ili amwumbue mbele za watu. Nikisema ni mimi, nimemsaliti bibi yangu na ukoo mzima. Nikinyamaza, nitamdanganya mpaka lini? Je, nijifanye mgonjwa?

Bergdís, Húsavík

Bergdís mwanangu,

Pole, halafu aibu. Umepewa kazi ya kutunza maoni ya watu, na ya kwako umeyavika barakoa. Kitabu kimekuliza, sema kimekuliza. Hata mimi nimekisoma, na ningekipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu mwanamume wa kwetu, awe hai au maiti, hazungumzii hisia zake kurasa kumi mfululizo.

Sasa nisikilize. Unadhani Bibi hajui? Mwanamke aliyefuga maisha yake yote, anayemtambua kondoo wake kwa kikohozi tu, ashindwe kutambua sentensi za mtoto aliyemfundisha kusoma? Tangu lini mtu akamhimiza adui yake avae sweta? Alikuwa anakuambia wewe, uso kwa uso, na wewe ukachapa.

Na nikuulize, kabla ya vita hivi ulikuwa unapita kwake mara ngapi? Hukuandika, na nimeona kwamba hukuandika. Siku hizi unapita kila siku. Mzee ameona ugomvi unamletea mjukuu mezani, auache kwa lipi? Móri na avuke mto akitaka. Anayemuuma Bibi ni wewe.

Kwa hiyo usijifanye mgonjwa, wala usingoje Jumamosi. Leo hii nenda, keti, mwambie: "Bibi, Msomaji wa Pwani ni mimi, na kitabu nimekipenda." Atakukaripia. Vumilia, ni haki yake. Kisha mfungulie kitabu mkisome pamoja, maana naapa bado hajakifungua. Watoa nyota moja wengi hawafungui. Maoni yake yatoke kwa jina lake na yako kwa jina lako, hata kama hamtakubaliana neno moja. Jumamosi mkae wote mbele, na akitaka kumuuliza Kolfinna ile pua ilikwenda wapi, mwache aulize.

Jumatatu mambo yatakuwa yametulia. Hapatakuwa na ugomvi, wala Bibi hatakuwa na cha kukuchapisha. Nenda kwake hivyo hivyo.

Shangazi Oddný