Uso wa Mkaa

Jumatatu, 9 Julai 1956
Karatasi nyingine ya mfuko wa saruji nimeichorea, nimeichana. Mwili wa Bikira Maria naupata, shela naipata, mikono naipata. Uso, hola! Padre wa Muheza anaitaka sanamu kabla ya Kupalizwa, katikati ya Agosti. Nimechemsha muhogo, nikala nimesimama.

Jumatano, 11 Julai
Karatasi zimenichosha. Nimechukua mkaa nikachora juu ya gogo lenyewe la sanamu, mkono ukaenda wenyewe. Mama Zaina wa nyumba ya pili kaleta uji. Kaangalia gogo, kashika mdomo. "Yarabi! Si Agnesi huyu?"

Ni yeye. Mke wangu, na lile jicho la kushoto linalosinzia. Tangu tumzike, nikifumba macho uso wake siuoni. Picha hatukupiga. Kila mwaka tulisema mwakani. Nimelia mbele ya mke wa mtu, wala sikuona haya.

Alhamisi, 12 Julai
Ndivyo kazi hii ilivyo. Mchoro wa juu ya gogo huliwa na patasi. Pigo la kwanza tu, pua haipo.

Nimejaribu kumnakili kwenye karatasi. Kila anayetokea ni mgeni. Nikate kipande chenye uso nibaki nacho? Gogo litakuwa jembamba, halitafaa. Nina hasira na Padre, na gogo, na Agnesi kwa kufa.

Jumatatu, 16 Julai
Patasi sijaigusa. Padre kapita, kaniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo. Gogo nimelifunika kwa kanga ya Agnesi. Naongea nalo. Siku likinijibu nitajua nimerukwa na akili.

Jumamosi, 21 Julai
Nimeligeuza gogo. Nachonga upande wa pili, bila mchoro, mara ya kwanza maishani. Mchoro wa mkaa, ambao sasa uko nyuma, nimeupaka sandarusi usifutike. Naogopa.

Jumanne, 14 Agosti
Wameichukua kwa lori. Uso wa mbele ni wa mwanamke mzuri, simjui. Padre kauliza mbona mgongo sikuuchonga, umebaki na mchoro wa mkaa tu. Nikamwambia utaelekea ukutani, nani atauona? Akaridhika.

Nimefagia maranda. Kanga nimeirudisha msumarini. Mama Zaina kachungulia, kaitazama kanga, kaenda zake.

Agnesi yuko Muheza, kauelekea ukuta wa kanisa. Mimi nimebaki nyumbani, Ngamiani. Nimechemsha muhogo. Leo nimekula nimekaa, nikaugeukia ukuta wangu.