Zima VPN Kwanza

Jumatatu, 6 Juni 2022
Ng'ombe mwingine kafa kijitoni. Mwanangu Nyangi anatapika tangu jana. Maji yale yale! Tangu rashi ya dhahabu iingie hapa Susuni, watu wakamiminika kuchimba, wale wa duara, shimo la dhahabu, wanaosha mchanga kwa zebaki huko juu na kutumwagia sisi. Nimewachukua video wakimwaga. Jirani yetu Heche aliwasema mkutanoni, wakamvunja mkono. Mimi mdomo nafunga. Nitairusha mtandaoni, bila jina.

Jumanne, 7 Juni
Tarime mjini, kwa Swaleh fundi simu. Kaniwekea VPN — inaficha ulipo. Nikaanza kujiunga, jina Maji Yetu. Mtandao ukagoma! "Zima VPN kwanza." Jasho likanitoka. Mtandao umejuaje? Swaleh anacheka: anwani za VPN wanazitumia maelfu ya watu, mtandao umeshazikariri. Halafu saa ya simu inasema Tanzania, anwani inasema Uholanzi. Uongo unajichongea, dada. Akabadili nchi. Wapi! Na namba ya simu wanaitaka.

Namba gani? Laini ni ya Mama Gati. Ndiye aliyenitolea ng'ombe, nyumba ntobhu, mwanamke kuoa mwanamke — mimi mke wake, Nyangi mtoto wa nyumba yake. Kitambulisho changu hakijatoka, basi kanipa laini yake ya zamani, iliyosajiliwa kwa kidole chake. Nitamponzaje mtu huyo? Nimerudi hivi hivi.

Alhamisi, 9 Juni
Nyangi katapika damu. Basi! VPN nimezima, namba nimeweka, video imepanda. Namba haionekani, wanasema. Naogopa hata mbwa akibweka.

Ijumaa, 10 Juni
Mungu wangu! Lilian, anayepika kule duarani, kaja mbio. Simu yake imemletea ujumbe: Mama Gati amejiunga, anatumia jina Maji Yetu. Kila aliyeihifadhi namba ile kaletewa! Na Mama aliwauzia maziwa wote kule kwa namba hiyo, mpaka msimamizi, Nashoni.

Nimemwambia Mama yote. Nimelia. Hakunigombeza. Kasema ingia ndani na mtoto, funga.

Pikipiki uani. Nashoni anauliza namba ni ya nani. Mama kamjibu kwa sauti: yangu, na video nimechukua mwenyewe. Nachungulia ufa wa mlango, daftari gotini. Nyangi kalala, asiamke sasa, jamani.

Nashoni anacheka. Kampa simu yake — haya Mama, tuonyeshe ulivyochukua.

Mama hajawahi kupiga hata picha.