Baba Ishirini, Mama Nane na Wewe

Mpendwa Anko,

Natumai huko uliko maji hayapotei kwenye mifereji, na hakuna jirani wa kukugongea ukuta ukiongeza sauti ya kaseti. Sisi tulirudi Mbotela, mtaani kwetu Nairobi, jana, baada ya kukuzika kule kwenu Makueni. Mama bado amelala. Mimi nimekaa kwenye kiti chako, nacho kinalia vilevile, na nataka kukushukuru kabla nyumba haijajaa tena watu wa kutupa pole.

Nianze na lile lililonikaba wiki nzima. Siku ya kupanga mazishi, kaka yako mkubwa aliniita kando. Hakuwa na ubaya, alisema kwa upole kabisa: "Mwende, utapewa nafasi ya kuongea, lakini ongea kama mtoto wa kambo. Wazee wa ukoo wasije wakauliza maswali." Nikasema sawa. Mimi mwenyewe sikuwahi kukuita Baba, na wewe hukuwahi kuniomba. Basi nikawa napika chai ya wageni huku najiuliza: nikisimama pale mbele ya watu, nina haki ya kumwita huyu baba yangu, ama nitakuwa nimejipa jina la watoto wa wenyewe?

Ulipokuja kuishi na Mama nilikuwa darasa la tatu, na nilikuwa bingwa wa kununa. Ulisimama mlangoni na begi moja na redio kubwa ya kaseti. Ukaniambia, "Niite Anko. Baba yako anajulikana, mimi sikuja kumfuta." Huyo baba anayejulikana alikuwa ameenda zake Mombasa na hakuna aliyemsikia tena, lakini wewe hukuwahi kumtaja kwa ubaya. Nikakuita Anko, na jina likakwama hapo.

Sasa tungeongea nini, mimi na wewe, Jumapili nzima kwenye chumba kimoja chenye pazia katikati? Ndipo ulipotoa zile kaseti za muziki wa Ulaya ulizopewa kazini. Ulikuwa dereva wa mwalimu wa piano, mama mzee aliyefundisha watoto wa matajiri kule Lavington, na njia nzima alikuwa akikusimulia maisha ya watunzi wa zamani wa Ulaya. Nani aliwekwa ndani kwa kugombana na mkubwa wake, nani alioa nani, nani alikufa kijana. Muziki wenyewe ulisema unakuletea usingizi. Ulichopenda ni umbea. Haki ya Mungu, Anko, ulijua umbea wa wafu kuliko mama mboga wetu alivyojua wa walio hai!

Majina yao ndiyo yalikushinda. "Haya majina yatanivunja meno," ulisema, ukawabatiza upya, majina ya mtaa. Yule aliyekuwa na watoto ishirini akawa Baba Ishirini. Yule mama aliyezunguka miji akipiga piano ili watoto wake wanane wale, akawa Mama Nane. Kasisi wa nywele nyekundu, mwenye kifua kibovu, aliyefundisha wasichana mayatima kupiga fidla, akawa Padri Mwekundu. Na yule aliyepoteza usikivu na bado akaendelea kutunga, huyo ulimwita Kiziwi, basi.

Tukishamaliza kula unapiga kofi. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Alifiwa na wazazi akiwa mdogo, akalelewa na kaka yake, akakua akajaza nyumba."

Nikishindwa unadai mji, kama ilivyo ada. Lakini wewe Mombasa hukutaka, Kisumu hukutaka. Ulitaka mtaa wa hapa Nairobi. Nikikupa Muthurwa unakunja uso: "Aa, Muthurwa kelele, hata mfalme halali." Nikikupa Makongeni unapokea kwa mikono miwili na kuanza kujigamba: "Makongeni nimekwenda, nimepewa nyumba ya wafanyakazi wa reli, nimeletewa chai ya maziwa na mandazi, wewe umebaki na njaa yako, na jibu ni Baba Ishirini!" Siku moja nilichoka nikataka kukupa Mbotela. Mama akaruka kutoka nyuma ya pazia: "Wee! Mbotela usitoe, tutalala wapi?" Tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Nafikiri ndiyo siku ya kwanza tuliyocheka sote watatu.

Shuleni uliniponza, ujue. Mwalimu wa muziki aliuliza ni mtunzi gani aliyekuwa na watoto wengi ajabu, mimi huyo nikanyoosha mkono mpaka kwapa likauma. "Baba Ishirini!" Darasa likaanguka kwa kicheko, na mimi nikaitwa Mama Ishirini hadi nikamaliza shule. Nilikuja nyumbani nikilia. Hukunibembeleza. Uliuliza tu, "Mwalimu alisema ni mtu mwingine?"

"Ni huyohuyo, lakini ana jina lake."

"Basi si ulipata? Hilo jina lake amuulize mamake."

Leo nafundisha kwaya ya watoto kanisani. Wazazi wanashangaa nilijifunzia wapi habari za watunzi ninazowasimulia watoto, nami nawaambia, kwa dereva mmoja aliyekuwa anasinzia kaseti ikiimba. Asante, Anko. Asante kwa kila Jumapili uliyoacha mpira wa marafiki zako ukakaa na mtoto aliyekununia.

Kisha akazaliwa Mutuku. Sikukuambia, lakini niliogopa sana. Kabla ya hapo wanawake wa bombani walikuita Baba Mwende, kwa sababu mtaa hauulizi cheti cha kuzaliwa. Lakini sasa umepata damu yako, nani atanikumbuka? Siku moja tulikuwa tunatoka dukani, fundi wa viatu akaita kwa furaha, "Baba Mutuku! Hongera!" Ukatembea tu. Akaita tena. Nikakuvuta shati, "Anko, unaitwa."

"Naitwa nani?"

"Baba Mutuku."

Ukasimama katikati ya njia, ukajibu kwa sauti ya kusikika hadi barabara ya Jogoo: "Huyo mimi simjui. Mtu huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, ama desturi imebadilika? Mimi ni Baba Mwende." Fundi akacheka, akaomba radhi. Mimi niliangalia viatu vyangu mpaka tukafika nyumbani, maana ningekuangalia ningelia.

Jumapili iliyofuata ulitega kitendawili kipya: "Hakuzaa, lakini alitaka kuitwa baba hata akaenda kortini." Nilikisia haraka, Kiziwi. Ukaniambia alimchukua mtoto wa marehemu ndugu yake, akagombana na mamake mtoto miaka na miaka, akampenda kwa kumkaba hadi mtoto mwenyewe akamchoka. "Mtoto havutwi kama ng'ombe wa mnada," ulisema. "Unakaa tu karibu." Nikala chapati yangu, nikadhani tunaongea habari za Kiziwi.

Sasa nikuambie ya Makueni. Kijana aliyeongoza shughuli alishika kipaza sauti akasema, "Ndugu zangu, tumekuja kumsindikiza Baba Mutuku." Watu wetu wa Mbotela walikuwa wamejaa basi zima. Wakatazamana. Mama mboga akasimama, na unamjua yule, hahitaji kipaza sauti. "Samahani, kijana. Sisi tumetoka Nairobi kuja kumzika Baba Mwende. Kama hapa anazikwa mwingine, tuonyesheni boma letu." Wenzake wakaitikia, "Eeh! Baba Mwende!" Kaka yako akainua kichwa, akatazama ule umati, akatazama wazee wake. Mutuku ndiye aliyekwenda kuchukua kipaza sauti, akaniletea. "Shika, dada. Huyu hajawahi kuitika kwa jina langu hata mara moja, wacha mchezo."

Hapo hata kaka yako alicheka. Akasema kwa sauti, wazee wote wakisikia, "Haya, Mwende. Muage babako."

Nilikuwa na hotuba nzuri, Mama alikuwa ameisahihisha. Yote ilinitoka. Nilisema, "Baba, asante," machozi yakanishinda, nikaketi. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na wewe kazi uliifanya bila kudai hata jina. Naumia kwamba hukulisikia likitoka kinywani mwangu. Lakini nakujua. Ungejifanya unatafuta miwani, ungeniambia chai inapoa.

Lala salama, Baba.

Mtoto wako wa kwanza,
Mwende